Ukurasa wa Mama Loveness

Selestine alikataa kiti. Eufrasia alikipangusa kwa upindo wa kanga, akakisogeza kivulini, akakaribisha mara ya pili, na yule bwana akabaki kasimama mlangoni na mabuti yake ya plenti. Msimamizi wa mumeo akikataa kiti chako, ujue hakuja kwa heri.

"Mama Loveness, sina maneno mengi," alisema. "Bosi amenituma. Ile video ifutwe."

"Video ipi?"

"Usinichezee akili. Ile ya ng'ombe."

Alijua ni ipi, na kijiji kizima kilijua. Wiki iliyopita mvua ilinyesha hadi bwawa la tope la plenti, kiwanda cha kuchenjulia dhahabu cha bosi Donatus, likabomoka ukingo. Hapo ndipo wanapomwaga maji yenye sumu ya sianidi wakishakamua dhahabu kwenye mchanga wa marudio, ule uliokwisha kuoshwa mara moja. Asubuhi ng'ombe wa mzee Stanslaus wakashuka kunywa bondeni kama walivyozoea, na jua lilipopanda walikuwa wamelala ubavu, matumbo yamevimba, mapovu puani. Eufrasia alikuwa akipita na gunia lake la mchele wa Kagongwa juu ya bodaboda. Alimsimamisha dereva, akatoa simu, akarekodi bwawa, ukingo uliobomoka, maji yanavyotiririka na ng'ombe mmoja mmoja. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Jamani, haya maji ya plenti ya Donatus ndiyo wanetu wanayochota?" Kisha akaiweka mtandaoni, kwenye ukurasa wake wa kutangazia mchele. Hadi jioni watu wa Isaka, Mwanza na Dar es Salaam walikuwa wameitazama na kuisambaza. Ofisi ya mazingira ilipopiga simu kuuliza, Donatus alisimamisha kazi, akawaambia vijana wake wakae nyumbani hadi huyo mwanamke atakapofunga mdomo.

"Ng'ombe wamekufa, Selestine," Eufrasia alisema. "Sikuwaua mimi."

"Na mimi sikuja kuuliza nani kawaua. Jumapili baada ya misa kuna mkutano pale ghalani. Ikifika Jumapili ile kitu bado ipo, Telesphori asihangaike kurudi kwenye pampu. Na sungusungu watasema lao. Watu wana watoto, mama. Hawawezi kulala njaa kwa sababu yako."

Aliondoka bila kuaga. Telesphori, mumewe, alikuwa nyuma ya jiko muda wote huo akichonga mpini wa jembe. Hakutokeza hata uso. Alikuwa mtu mpole, wa kukohoa kwanza kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe, na upole wa namna hiyo mabosi huupenda sana.

---

"Futa," Telesphori alimwambia mkewe walipokuwa wakila.

"Kwa hiyo na wewe."

"Na mimi. Eufrasia, mimi nilikuwa mchimbaji wa duarani. Unajua shimo lilivyo. Unashuka kwa kamba asubuhi, hujui jioni watakuvuta ukiwa mzima au watakuita tu jina lako wakisikiliza kama utaitika. Adam tulimwita siku nzima."

Adam alikuwa mdogo wake. Bado yuko huko chini, udongo ulimkalia na hapakuwa na wa kumtoa. Telesphori hakuwa akimtaja ovyo, kwa hiyo Eufrasia aliacha kutafuna.

"Nikifukuzwa kwenye pampu, nitarudi duarani," alisema Telesphori. "Hakuna kazi nyingine hapa. Mchele wako hautulishi, na wewe unajua."

"Na maji je? Loveness anakunywa nini?"

"Tutachota kwingine. Tutachemsha."

"Sianidi haichemshwi ikaisha, Baba Loveness."

"Basi niambie wewe. Unataka nishuke shimoni?"

Hakutaka. Ungemuuliza mwanamke yeyote wa ukanda ule aliyewahi kusimama mdomoni mwa duara akingoja kamba itikisike, angekujibu hivyo hivyo. Eufrasia alinawa, akaichukua simu, akalia kidogo kwa hasira, kisha akabonyeza ili aingie kwenye ukurasa wake akaifute ile video kwa mkono wake.

Ukurasa haukufunguka. Yalitokea maandishi: akaunti imefungwa hadi mwenyewe athibitishe utambulisho wake. Alijaribu tena. Akazima simu, akaiwasha, akajaribu mara nyingine. Wakaichukua simu ya Telesphori, wakatafuta, na video ikaonekana pale pale, ng'ombe wamelala na sauti yake inauliza. Kila mtu duniani aliweza kuitazama. Kuigusa, yeye peke yake ndiye angeweza, na yeye ndiye aliyefungiwa nje.

---

Asubuhi alikwenda Ushirombo kwa Innocent, fundi simu ambaye ndiye aliyemfungulia ule ukurasa. Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi, kimejaa waya na betri zilizovimba.

"Umeripotiwa, mama," Innocent alisema baada ya kubonyezabonyeza. "Watu wengi, kwa mpigo. Wamesema jina unalotumia si la mtu wa kweli. Sasa mtandao unataka kitambulisho chenye jina lililoandikwa hapa."

"Si ninacho. Hiki hapa cha taifa."

Innocent alikipokea, akakisoma, akamtazama. "Hapa umeandikwa Eufrasia Bundala."

"Ndiyo mimi."

"Ukurasa unaitwa Mama Loveness."

"Ndiyo mimi."

"Najua ni wewe! Lakini wao hawajui."

"Waulize watu. Toka hapo nje, uliza Mama Loveness wa mchele, hata mtoto atakuleta kwangu. Ukiuliza Eufrasia Bundala hakuna atakayekujibu. Hata padri ananiita Mama Loveness."

Alisema kweli tupu. Tangu alipojifungua, jina alilobatizwa nalo lilibaki kwenye makaratasi na kinywani mwa mumewe. Mwanamke mwenye mtoto kuitwa jina lake hadharani ni kukosewa adabu, na siku ile Innocent alipomuuliza ukurasa uitwe nani, wala yeye wala fundi hawakufikiria mara mbili. Lakini huko mbali aliko mwenye mtandao, heshima hiyo ilionekana ni utapeli.

Innocent alikipiga picha kitambulisho, akakituma hivyo hivyo. Jibu lilirudi hata hajaiweka simu chini. Jina halilingani. Ombi limekataliwa.

"Wapigie simu," Eufrasia alisema.

"Hawana simu."

"Watu wa mtandao hawana simu?"

"Hawana ya kupigiwa na mimi na wewe."

"Ofisi yao iko wapi? Mwanza? Nitapanda basi."

Innocent alianza kucheka, akaona uso wa mteja wake, akaacha. "Mama, hakuna ofisi. Yaani ipo, lakini si ya kwenda. Huenda hata aliyekujibu sasa hivi si mtu, ni mashine."

"Mashine nitaielezaje kwamba nina mtoto anaitwa Loveness?"

Eufrasia aliuliza kama video ingalipo ndani ya simu, ili ikifutwa mtandaoni abaki na nakala, na Innocent akamkumbusha kwamba juzi juzi alikuja akilalamika simu imejaa, haipokei picha za wateja, na yeye mwenyewe alisema futa hayo mavideo, si yapo mtandaoni. Wateja wake wote hufanya hivyo. Simu zao ni za bei ya chini, hazibebi mengi, na mtandao wanauchukulia kama ghala lao. Hakuna anayefikiria kwamba ghala lina mwenyewe na kufuli ni lake.

"Na wale walioweka ile video kwao?"

"Hawakuiweka, mama. Wameelekeza tu watu kwako. Ikiondoka kwako, imeondoka kote."

---

"Watu wameniripoti," alimwambia mumewe aliporudi. "Wengi kwa mpigo. Wamesema mimi si mtu wa kweli."

Telesphori aliuangalia mpini wa jembe. "Mmoja wao ni mimi."

Eufrasia alikaa chini.

"Siku ile kazi iliposimamishwa, Selestine alitupanga mstari pale getini," Telesphori alisema. "Kila mtu na simu yake. Asiye na simu akapewa ya mwenzake. Alisimama anaangalia kidole cha kila mmoja. Kulikuwa na sababu za kuchagua, wengine wakauliza tuchague ipi. Akasema chagueni hiyo ya jina la uongo, hakuna binadamu aliyebatizwa Mama Loveness."

"Na ilipofika zamu yako?"

"Nikabonyeza."

"Jina la uongo."

"Ndiyo."

"Na Loveness ni mtoto wa nani?"

Alirudi kuchonga mpini, na hilo lilimuuma Eufrasia kuliko kile kidole. Lakini hebu tazama upumbavu huu. Waliotaka video ifutwe ndio waliomnyang'anya ufunguo mtu pekee wa kuifuta, na wala hawakujua.

Telesphori alijikaza, akaenda hadi plenti kueleza. Mlinzi alimngojesha nje ya geti juani, huyu ambaye juzi tu walikuwa wakichangia naye tumbaku. Selestine alipotoka alimsikiliza huku akichokonoa meno.

"Hawezi kuifuta," alisema Telesphori. "Mmemfungia. Tumemfungia."

"Telesphori, mdomo ni wa mkeo. Anashindwaje kuufunga?"

"Mtandao unataka kitambulisho, na jina…"

"Nenda kamwambie aache ujeuri. Jumapili ni Jumapili."

Hakuna aliyeamini. Kisimani wanawake walikuwa wakinyamaza Eufrasia akitokea, kisha wakapanga ndoo upya ili yeye awe wa mwisho. Mwalimu aliyekuwa ameagiza mchele alituma ujumbe kwamba ameghairi. Loveness alirudi kutoka shuleni akiuliza kama ni kweli mama yake anataka watu wafe njaa. Wachache waliopita wakamsifu kwa sauti ya chini, "mama, wewe ni simba, usikubali," hao ndio waliomchosha zaidi, kwa sababu alikwisha kukubali tangu siku ya kwanza. Ushujaa wake wote ulikuwa wa kufungiwa nje.

---

Mzee Stanslaus alikuja Ijumaa asubuhi na fimbo yake, fimbo ya mchungaji asiye na cha kuchunga.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Shikamoo, baba." Eufrasia alipiga goti.

"Marahaba." Yeye kiti alikipokea. Alikaa muda akilikodolea macho bonde. "Mizoga wameichoma. Vijana wa Donatus walikuja na dizeli siku ile ile, wakasema ni kwa ajili ya afya. Na ukingo wameujenga, umependeza kama haukubomoka kamwe. Watu wa mazingira wanakuja Jumatano. Wataniuliza ng'ombe wangu wako wapi. Nitawaonyesha majivu? Majivu hayana rangi ya ng'ombe."

"Hayana, baba."

"Nimebaki na ile yako. Mjukuu wangu amenionyesha. Nimemwona Nyankole wangu pale, na yule mweusi mwenye pembe iliyovunjika. Wote wanatambulikana." Macho yake yalilowa, akayaacha yalowe. "Naomba, mayu, hata wakikupa nini, usiifute mpaka Jumatano. Nimesikia wanavyokufanyia. Najua namwomba mtu kitu kizito."

Eufrasia angeweza kumwambia hapo hapo kwamba alijaribu kuifuta, alipanda hadi Ushirombo kutafuta jinsi ya kuifuta, na kwamba kama mashine ingeafiki jina lake, Nyankole na mweusi wasingekuwepo tena popote. Aliona aibu, akainamisha uso.

"Haifutiki, baba," alisema.

Mzee alimshika kichwa, akambariki kwa Kisukuma, akamwachia kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya Loveness. Alikwenda zake akitembea wima kuliko alivyokuja.

---

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la zamani la pamba, Jumapili, watu wakiwa bado na nguo za misa. Mbele alikaa Meshack, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na kando yake Donatus mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye mabati ya kanisa ni yake na hakuna anayeruhusiwa kusahau. Selestine alisimama nyuma ya bosi wake. Wafanyakazi walijaa upande mmoja. Mzee Stanslaus alikaa ukutani.

Meshack alieleza shauri kwa ufupi. Mama Loveness aliombwa aondoe video. Kama hakuondoa, nyumba yake itatengwa: hakuna kumsalimu, hakuna kumpa moto wala maji, hakuna kununua kwake, wala kuzika kwake. "Kwanza tuione kama bado ipo," alisema.

Selestine alitoa simu yake kwa mbwembwe. Alitafuta. Akakunja uso. Akatafuta tena, akamwinamia Donatus sikioni.

"Haipo," alisema.

Ghala zima likatoa simu. Haipo, haipo kweli, imeondoka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakamfuata wengine, na vijana wa plenti wakaanza kugongana mabega kama timu yao imefunga bao. Eufrasia alitazama simu yake iliyokuwa ikitetemeka mkononi tangu kwenye misa. Kulikuwa na ujumbe mrefu. Alisoma maneno ya kwanza tu, kwamba video yake imeondolewa, kisha akaitwa.

"Mama Loveness, simama," Meshack alisema. "Umeifuta mwenyewe, kwa hiari yako?"

Alitazama upande wa wafanyakazi. Telesphori alikuwa amesimama kati yao, na uso wake ulimwomba kwa namna ambayo kinywa chake kisingeweza. Akisema si mimi, watauliza basi ni nani, na kesho ikirudi je? Na Telesphori atafunga kamba kiunoni. Kwa upande mwingine aliiona kofia ya mzee Stanslaus, lakini hakuthubutu kuutazama uso uliokuwa chini yake.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Donatus aliinuka, akampa mkono mbele ya watu. Akasema huyu ni mwanamke mwenye hekima, kazi itaanza kesho, na Telesphori arudi kwenye pampu yake. Watu walipiga makofi. Wanawake wa kisimani walimkumbatia. Alikumbatiwa akiwa amekauka kama gogo, na kwa kitambo kidogo hata yeye alidhani yamekwisha.

"Kamanda," mzee Stanslaus alisema kutoka ukutani. "Nina swali."

"Sema, guku," Meshack alijibu, akimwita babu kwa Kisukuma.

"Sheria ya nyayo bado ipo?"

Meshack alisita. "Ipo."

"Iseme, hawa vijana waisikie."

"Ng'ombe wakipotea tunafuata nyayo," Meshack alisema polepole. "Zikiingia kwenye boma la mtu, mwenye boma atuonyeshe zilikotokea. Akishindwa kutuonyesha, analipa yeye, hata kama siye aliyeiba."

"Vizuri. Ng'ombe wangu hawana nyayo nyingine duniani ila zile zilizokuwa kwenye simu. Nimezifuata. Zimeingia kwa Mama Loveness. Na yeye amesimama mbele yenu akasema ni mkono wake uliozifuta." Sauti ya mzee ilikuwa haina hasira, ilikuwa imechoka tu. "Aliniambia haifutiki. Nilimbariki. Sasa naomba ng'ombe wangu kwake."

Vigelegele vilikufa. Meshack alimtazama Donatus, kama kila mtu pale alivyomtazama. Donatus alipangusa miwani yake.

"Mimi ni nani niingilie mila?" alisema. "Mzee ana haki yake. Tena nitasaidia. Tutakuwa tunakata kidogo kidogo kwenye mshahara wa Telesphori hadi ng'ombe watimie."

Wengine waliguna kwa kuridhika, kwa maana shauri lilikuwa limepata mlipaji na mlipaji si wao. Telesphori alijipenyeza katikati ya watu. Kwa mara ya kwanza tangu Eufrasia amjue, hakukohoa kwanza.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Si yeye aliyefuta! Eufrasia, waambie! Ni mtandao wenyewe umeondoa!"

Selestine alicheka. "Juzi alikuwa hawezi kufuta, leo amefuta, sasa tena hakufuta."

"Waonyeshe huo ujumbe," Telesphori alimwambia mkewe. "Umeandikwa. Wasome wenyewe."

Eufrasia alimpa Meshack simu. Alimpa kwa mikono miwili, na hapo tu ndipo alipojiruhusu kumtazama mzee Stanslaus, ambaye naye alikuwa amesogea mbele na kutega sikio, akitamani, ungeweza kuona wazi, akitamani kabisa kwamba aliyefuta asiwe Eufrasia.

Kamanda aliishika simu mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mtu asomaye waraka wa askofu.

"Mama Loveness. Tumeondoa video yako. Umevunja sheria zetu kuhusu ukatili dhidi ya wanyama. Ukirudia, utafungiwa moja kwa moja."

Meshack alisoma tena kimyakimya, midomo ikimcheza, kisha akamrudishia Eufrasia simu yake.

"Hata hao," alisema, "wanasema mwenye kosa ni wewe."